Glasi ya Hakimu

Sabuni yake ya kufulia haikuwa na harufu. Aliitafuta mwenyewe madukani, akinusa kipande kimoja kimoja mbele ya muuzaji aliyekwisha kumzoea, na asipoipata alirudi nyumbani akafua kwa maji matupu na kusugua kwa nguvu. Hakupaka mafuta ya nywele yenye manukato, hakujitia marashi hata siku ya harusi yake, na siku za kazi kitunguu hakikupita kinywani mwake kabla ya chakula cha mchana. Marehemu mume wake alizoea kuwaambia watu kwamba ameoa glasi ya maji. Alisema hivyo kwa mapenzi, lakini alisema.

Kiwandani walimwita Hakimu. Kazi yake ilikuwa kuonja bia. Wapo wanaocheka wakisikia hivyo na kuuliza kama kuna nafasi imebaki, kana kwamba kuonja ni kunywa kwa mshahara, na watu hao wananichosha. Mwonjaji hanywi. Anachukua funda moja, analizungusha mdomoni, analimeza kwa sababu uchungu wa bia hukaa nyuma kabisa ya ulimi na asipomeza hataupata, kisha anaiacha glasi ikiwa karibu kujaa. Anatafuna biskuti kavu isiyo na sukari wala chumvi, anasukutua kwa maji, anashika glasi nyingine. Muda wote aliofanya kazi pale, Hakimu hakuwahi kumaliza glasi ya bia, si kiwandani, si nyumbani, si kwenye sherehe za watu. Alisema kumaliza ni kazi ya wateja.

Chumba cha kuonjea kilikuwa mwisho wa ukumbi, mbali na moshi na mvuke. Ndani yake palikuwa na meza moja ndefu ya chuma cha pua, iliyogawanywa kwa mbao nyeupe kuwa vibanda vitano. Kila mwonjaji alikaa kibandani mwake akitazama ukuta na glasi zake tu. Glasi zililetwa zimefunikwa na kuandikwa namba. Hapakuwa na ruhusa ya kuongea, wala kuguna, wala kukohoa kwa maana. Utaratibu huo Hakimu ndiye aliyeuweka. Alipoanza kazi aliwakuta waonjaji wanakaa duara, wanatazamana usoni, na mkubwa akitikisa kichwa basi wote wanatikisa vichwa. Hakimu alipigania zile mbao mpaka seremala akaletwa. Alitaka kila mtu aonje kwa ulimi wake mwenyewe, na kwa hilo alikuwa na fahari kuliko kitu kingine chochote alichofanya pale.

Wenzake wanne walikuwa na kazi zao nyingine, ila kila asubuhi waliziacha kwa muda wakaja mezani. Palikuwa na mtunza ghala, dereva wa lori, mwanamke wa maabara ambaye wote walimwita Mama Maabara, na fundi wa mitambo ya kujazia chupa. Huyu fundi ndiye aliyekuwa kichekesho cha meza. Alama zake zilikuwa za peke yake siku zote. Wenzake wakiipa bia nane yeye anaipa tano, wakiipa tano yeye anaipa nane, wakasema ana ulimi wa mbuzi. Isitoshe, mitambo ya chupa ilikuwa imekwisha kumla masikio, na ukitaka kuzungumza naye ilibidi usimame mbele yake aone midomo yako. Mara mbili Meneja alitaka kumwondoa mezani. Hakimu alimtetea, na nadhani alimtetea kwa huruma tu.

Nyumbani Hakimu aliishi na mdogo wake wa mwisho. Mama yao alifariki huyu mdogo akiwa bado anatambaa, na Hakimu, aliyekuwa msichana wa kuanza kuvunja ungo, alimbeba mgongoni mpaka majirani wapya wakadhani ni mtoto wake na kuanza kusema ya kusema. Walimwita Kitinda, na jina likamganda hata alipoota mvi za kwanza. Kitinda alifanya kazi kiwanda kilekile, upande wa matangi. Alikuwa akiingia ndani ya tangi tupu kwa kile kimlango kidogo cha chini, anasugua kuta kwa brashi, anatoka amelowa kama kifaranga. Kazi hiyo aliifanya tangu ujana wake. Alichokitaka ni kupanda ngazi kwenda chumba cha kupikia, na Hakimu alilijua hilo kama alivyoijua njia ya kwenda kazini.

Kiwanda kilikuwa na desturi yake. Kila mwaka tangi moja dogo liliachiwa mfanyakazi mmoja apike bia ya kubuni mwenyewe. Bia ile ikipata wastani wa saba kati ya kumi mezani kwa waonjaji, inatiwa kwenye chupa na mpishi wake anapandishwa kwenye chumba cha kupikia. Isipopata, inamwagwa, na yeye anarudi alikotoka. Nafasi ya pili haikuwapo, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Mwaka huo zamu ilimwangukia Kitinda.

Alichagua kupika bia ya mtindo wa Kibelgiji, ile ya rangi ya shaba nyepesi, akaamua kuitia hopsi kwa wingi. Hopsi ni yale maua ya kijani, makavu, yanayoipa bia uchungu wake, na yakiwa mengi hutoa harufu ya ganda la balungi na majani mabichi. Hamira ya Kibelgiji nayo ina mambo yake: hutoa karafuu, pilipili manga na tunda lililoiva. Kuviweka vyote hivyo katika tangi moja ni kama kuwakaribisha mashemeji wawili wasiopatana kwenye chakula kimoja. Wakielewana utafurahi. Wasipoelewana, utatamani usingewaalika.

Dada na mdogo wake walikubaliana kutoizungumzia ile bia nyumbani, hata kidogo. Wakala viazi vyao, wakaongea habari za bomba linalovuja na mbwa wa jirani. Lakini Hakimu ndiye aliyefua mashati, na shati halijui kunyamaza. Wiki moja lilikuja linanuka majani mabichi, wiki iliyofuata ganda la balungi, na wiki moja baadaye karafuu. Alisimama uani na lile shati mkononi, akajua kwamba siku glasi ile itakapoletwa mezani ataitambua kabla hajafunua kifuniko.

Akaenda kwa Meneja kuomba asikae mezani siku hiyo. Alimweleza wazi kwamba mpishi ni ndugu yake wa damu na kwamba pua yake haitadanganyika kwa namba. Meneja alikuwa mtu wa kusikiliza huku anapanga kalamu zake.

"Wewe ni mmoja kati ya watano," akasema. "Ukimpendelea, wanne watakurekebisha. Ukimwonea, wanne watakurekebisha. Si ndiyo maana ulizitaka zile mbao? Kakae kwenye kiti chako."

Hakimu akainuka akaenda zake, kwa kuwa hoja ilikuwa yake mwenyewe.

Siku yenyewe zililetwa glasi tatu. Mbili zilikuwa za bia ya kawaida ya kiwanda, ili waonjaji wasijue kipya kimewekwa wapi. Ya tatu aliitambua mkono ukiwa bado juu ya kifuniko. Hata hivyo aliifanyia kila kitu kinachostahili. Aliiinua kwenye mwanga akaona shaba nyepesi, yenye utando kidogo, si uchafu. Povu lilikuwa jeupe na zito, na alipoinamisha glasi liliacha mstari kwenye ukuta wa glasi, ishara ya bia iliyopikwa kwa utulivu. Akanusa. Balungi lilitangulia, ikafuata pilipili manga, na karafuu ikaja polepole nyuma yao. Akaonja. Mdomoni ilikuwa kavu, nyepesi kuliko alivyotarajia, na uchungu ulipanda kwa adabu ukakaa nyuma ya ulimi muda mrefu. Mwisho kabisa, baada ya kumeza, karafuu na hopsi ziligombana kidogo, ugomvi wa kupita tu. Kwa mtu baki angeandika nane bila kufikiri.

Lakini mpishi huyu hakuwa mtu baki. Alikaa akiitazama karatasi. Aliogopa kwamba ile nane haikutoka ulimini, imetoka mgongoni alikombeba. Aliogopa watakachosema watu, kwamba Hakimu amempitisha mtoto wake. Akajiambia kwamba wanne wapo, na kama bia ni nzuri wataibeba wao. Akaandika nne.

Halafu akaisukuma glasi. Hilo lilikuwa zoea lake la siku nyingi. Glasi iliyomridhisha aliiacha ilipo, mkono ukishika kitako chake. Isiyomridhisha aliisukuma mbele kwa kidole kimoja, iondoke machoni. Hakuna aliyewahi kumwambia na mwenyewe hakuwa akijiona. Glasi ilikwaruza kwenye chuma, krii, sauti ndogo, kisha chumba kikanyamaza. Baada ya kitambo kidogo kalamu zikaanza kuandika.

Meneja alikusanya karatasi akazisoma palepale. Hakimu nne. Mtunza ghala nne. Dereva tatu. Mama Maabara nne. Fundi wa mitambo tisa. Wakacheka wote kwa ile tisa, na fundi, ambaye hakusikia mzaha, akacheka nao. Bia ya Kitinda ikawa imeanguka.

Jioni Kitinda alirudi nyumbani na kuvua viatu mlangoni kama kawaida. Uso ulikuwa umemshuka, lakini hakulalamika. Alikunywa chai mpaka ikaisha, kisha akavunja yale makubaliano yao kwa swali moja.

"Dada, nisamehe nikikuuliza. Ilikuwa na kasoro gani? Niambie tu, nijifunze."

Hakimu alitafuta mdomoni kasoro ya kufaa alama nne, hakuipata. Akasema uchungu umezidi. Kitinda akaitikia kwa kichwa polepole, akasema kumbe, ndiyo, labda alizichemsha hopsi muda mrefu mno, labda angezitia mwishoni. Akaendelea kujisahihisha peke yake, akirekebisha kitu ambacho hakikuwa kibovu, na dada yake akakaa pale anamsikiliza. Kilichomuuma ni kwamba mdogo wake alimwamini.

Alichojifariji nacho ni wale watatu. Wao hawakuwa na ndugu ndani ya glasi, na bado waliipa nne na tatu. Basi huenda bia kweli ilikuwa mbaya, na ile nane aliyoihisi ilikuwa mapenzi tu. Usingizi ulimjia kwa wazo hilo, ingawa si upesi.

Kesho yake tangi lilitakiwa. Na kwa kuwa kumwaga matangi ilikuwa kazi ya Kitinda, Kitinda ndiye aliyefungua koki. Alisimama na buti zake za mpira akaitazama bia yake inaingia mtaroni, povu likipanda mpaka kwenye vifundo vya miguu. Mtaro ule ulipita chini ya kiwanda chote, na harufu ikatokea kwenye kila kifuniko cha sakafu, kuanzia ghalani mpaka ofisini. Watu waliacha kazi wakaanza kuulizana ni kitu gani kinanukia vizuri namna ile. Mtunza ghala mwenyewe alitoka nje, akavuta pumzi, akasema leo kuna nini humu, mbona raha hivi.

Hakimu alikuwa dirishani. Alimsikia. Mtu aliyeipa bia nne jana, leo anaisifu mtaroni.

Akaanza kuwauliza, mmoja mmoja, bila kuwatisha. Walionja nini hasa katika ile glasi? Mtunza ghala alisema uchungu, uchungu ulikuwa, aah, ulizidi, si ndiyo? Akawa anamtazama Hakimu usoni kama anayesoma jibu. Dereva alisema bia ile ilikuwa na kitu. Kitu gani? Kitu tu, alisema, na kukumbuka ghafla kwamba lori lake halijakaguliwa tairi. Mama Maabara, ambaye hakuwa na tabia ya kupindisha maneno, alifikiri kwanza. Akasema kwa kweli alikusudia kuandika saba, alikuwa hata ameshusha kalamu, halafu akabadili. Kwa nini? Hakujua. Alihisi tu kwamba amekosea.

Hakimu alimkuta fundi wa mitambo amelala chini ya mtambo. Akamsubiri atoke, akasimama mbele yake, akamuuliza kwa midomo iliyo wazi. Fundi akajifuta grisi na kueleza: balungi, halafu pilipili, halafu karafuu, na mwishoni kuna vurugu kidogo lakini si ya kumnyima mtu usingizi. Hakimu alihisi kama anasomewa mawazo yake mwenyewe. Akamuuliza mbona yeye huwa peke yake kila mara.

"Labda nina haraka," fundi akasema. "Mimi nikionja naandika. Wenzangu huwa wanangoja. Nikiinama kuokota kalamu nawaona miguu yao kule chini imetulia tuli. Sijui wanangoja nini mle ndani."

Asubuhi iliyofuata Hakimu alikaa kibandani mwake, na kwa mara ya kwanza hakuonja kwanza. Alisikiliza. Ilikuwa bia ya kawaida, kutoka tangi ambalo wote walikuwa wakilisifu wiki nzima. Alisikia vifuniko vikifunuliwa, mafunda yakimezwa, biskuti zikivunjika. Kisha alisikia kalamu moja ikiandika, upande wa fundi, ikanyamaza. Nyingine hazikuandika. Akangoja, nao wakangoja. Mwishowe alitaka maji, glasi ikawa njiani, akaisogeza kwa kidole. Krii. Kalamu tatu zikaanza kuandika kwa pamoja.

Mkono wake ulibaki hewani. Akakitazama kile kidole kama si chake.

Glasi ya pili ilitoka tangi lilelile. Aliionja, akaiona nzuri, akaandika tisa, halafu akaisukuma kwa makusudi mpaka mwisho wa kibanda, chuma kikalia. Alizikusanya karatasi mwenyewe. Fundi alikuwa ameandika nane kwa zote mbili. Wengine watatu walizipa tano, nne, tano, nne, nne, tano, bia waliyoipa nane na tisa kuanzia mwanzo wa wiki.

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa. Seremala aliyafunga macho yao na kuyaacha masikio wazi. Watu hawa hawakuwa waongo, naomba hilo lieleweke. Kila mmoja aliamini anafuata ulimi wake, na wala hakujua kwamba anasikiliza. Mtu pekee mezani aliyekuwa akionja kweli ni yule ambaye mitambo ya chupa ilimnyang'anya masikio, naye walimcheka. Hakimu alikaa peke yake katika chumba kile baada ya wenzake kutoka, na aibu ikampanda mpaka shingoni. Chini ya aibu palikuwa na kiburi kidogo pia, kwamba kidole chake kimoja kimetawala kiwanda muda wote huo. Alikiona kile kiburi, akakichukia. Halafu akamkumbuka Kitinda na buti zake katika lile povu, na vyote viwili vikamtoka. Wanne walikuwa wamrekebishe. Hawakuwapo wanne. Alikuwapo yeye tu, na yeye alikuwa ameandika uongo.

Alianza na Kitinda, kabla ya Meneja, kwa sababu aliona hiyo ndiyo haki yake. Alimkuta nyumbani uani, anaosha buti kwenye beseni. Hakuuma na kupuliza. Alimweleza yote akiwa amesimama.

"Uliijua kwamba ni yangu?" Kitinda akauliza.

"Niliijua kabla sijaifunua."

"Na mtu baki angepata ngapi?"

"Nane."

Kitinda alimwaga maji ya beseni. Alisema akiwa hamtazami.

"Mimi ningekuwa mtu baki, basi, ningekuwa juu sasa hivi."

Hakimu alisema ndiyo. Hakuomba msamaha siku ile, maana aliona msamaha ungekuwa kumtwika mwenzake mzigo mwingine wa kujibu. Kitinda akaenda kulia chakula chake kwenye ngazi ya mlango, na tangu siku ile akawa anakula pale. Walipishana ukumbini. Salamu zilikuwapo, dada habari, nzuri, basi. Na mashati yake alianza kuyafua mwenyewe.

Meneja alipoambiwa aliacha kupanga kalamu. La Kitinda halikumshtua sana. Kilichomkata maini ni bia zote zilizopitishwa na zilizomwagwa tangu zile mbao zifungwe. Akapendekeza kitandikwe kitambaa kizito juu ya meza, mambo yaishe kimyakimya. Hakimu alikataa. Alisema watahamia kwenye pumzi zake, au kwenye kiti kinavyolia, watapata tu cha kusikiliza. Alisema yeye ndiye aondoke mezani. Akaomba jambo moja: kila tangi huachiwa chupa chache kabatini mwa maabara kabla ya kumwagwa, na za Kitinda zilikuwapo bado. Zionjwe tena, bila yeye.

Ikawa hivyo. Wanne waliingia, na Hakimu akaketi kwenye benchi la ukumbini, mikono mapajani, hana glasi wala karatasi. Kazi ambayo huchukua muda wa chai moja ilichukua asubuhi nzima. Fundi alitoka mapema sana, akamkonyeza, akaenda zake kwenye mitambo. Wengine hawakutoka. Katikati ya kungoja mlango ulifunguka, dereva akachungulia, akauliza kama kuna tatizo lolote. Meneja akamwambia hakuna. Dereva akasema mbona kimya hivi, na Meneja akamrudisha ndani.

Karatasi zilipotoka zilikuwa na makosa ya kufutwa na kuandikwa upya. Fundi tisa, vilevile. Mama Maabara nane, na maelezo marefu yenye akili. Dereva sita. Mtunza ghala aliandika tano, na chini yake akaongeza kwamba, akifikiri vizuri, yeye bia haipendi na hajawahi kuipenda. Ukizijumlisha na kuzigawanya unapata saba kamili, isiyo na ziada ya kumtia mtu kiburi. Meneja alisema desturi ni desturi. Bia ilikuwa imekwisha kwenda mtaroni na haiwezi kurudi, lakini mpishi wake apande ngazi, na kazi yake ya kwanza huko juu iwe kuipika upya.

Hakimu alihamishiwa kwenye kupokea magunia ya kimea, anayanusa yanaposhushwa kwenye lori na kusema lipi limeingia unyevu. Watu waliendelea kumwita Hakimu kwa mazoea. Mezani walibaki wanne, wanabishana kwa alama kila siku, na Meneja alilalamika kwamba siku hizi hajui lini bia ni nzuri.

Kitinda alipanda ngazi akiwa bado hasemi na dada yake zaidi ya salamu. Alichelewa kurudi, akala kwenye ngazi ya mlango, akalala. Hakimu alijikaza. Aliamini kwamba mdogo wake ana haki ya hasira ile kwa muda wowote atakaoutaka, ila nyumba ilimwelemea, na jioni moja alijikuta analia juu ya viazi anavyomenya.

Jumapili moja mchana, kwa jua la saa nane, Kitinda aliingia sebuleni na chupa isiyo na karatasi na glasi moja. Ilikuwa chupa ya mwisho ya kabatini. Akaifungua, akaimimina kwa kuinamisha glasi, akaacha povu lipande na litulie. Akaiweka mbele ya dada yake na kukaa kiti cha pili.

"Kuna swali nilikuuliza," akasema. "Hukunijibu."

Hakimu aliinua glasi kwenye mwanga wa dirisha. Akanusa. Akachukua funda, akalizungusha, akameza, akangoja mpaka uchungu ukakaa mahali pake na ule ugomvi mdogo ukapita.

"Mwishoni karafuu na hopsi zinagombana," akasema. "Si kosa la hopsi, usiziguse. Tangi lilipata joto hamira ilipoanza kazi. Lipoze kidogo siku za mwanzo, karafuu itashuka."

"Basi?"

"Basi. Hiyo ndiyo kasoro yake yote."

Kitinda alifikiri, midomo ikienda bila sauti, anapika kichwani. Akasema ni kweli, zile siku za kwanza kulikuwa na joto na bomba la maji baridi lilikuwa linasumbua. Akanyoosha mkono aichukue glasi akaimwage, kama inavyofanywa na glasi za waonjaji.

Hakimu hakuiachia. Aliinua tena akanywa, akapumzika, akanywa, hana haraka, huku mdogo wake anamtazama. Alikunywa mpaka likabaki povu tu, limeshika kuta za glasi kwa mistari, mmoja juu ya mwingine. Kisha akaiweka mezani palepale ilipokuwa.

Kitinda aliitazama ile glasi tupu. Akasema, "Dada, leo nitalia chakula humu ndani." Halafu akaichukua, akaenda kuiosha.